Irabu Tano na Mkazo Unaohama: Namna Sikio Linavyokipokea Kihispania

Kihispania kinalingana na Kiswahili katika jambo ambalo lugha nyingi za Ulaya hazina: kina irabu tano tu, yaani a, e, i, o na u, na kila moja hubaki na sauti yake karibu ileile popote inapotokea katika neno. Msikilizaji aliyelelewa katika Kiswahili, akisomewa maneno ya Kihispania paso, peso, piso, poso na puso, ambayo maana zake kwa mfululizo ni hatua, uzito, sakafu, mashapo na aliweka, huyatenganisha papo hapo bila kufundishwa. Ulinganifu huo umezaa imani kwamba Kihispania ni lugha nyepesi kwa sikio la Afrika Mashariki, na imani hiyo ina ukweli, ila ukweli wake ni nusu. Nusu ya pili imo katika mkazo wa neno, ambao katika Kihispania huhama kutoka silabi hadi silabi na kubadili maana, na ambao sikio lililozoea mkazo usiohama linaweza kuupita bila kuutambua. Mazungumzo haya yanaeleza namna irabu na mkazo wa Kihispania vinavyosikika kwa watu wa lugha mbalimbali, na yanatetea hoja moja: kinachodhaniwa kuwa uzito wa sikio ni malezi ya lugha ya kwanza, ambayo humfundisha mtoto mapema mambo ya kuzingatia na mambo ya kupuuza.

Mkazo, ambao wengine huuita shadda, ni hali ya silabi moja kutamkwa kwa namna inayoitokeza kuliko silabi jirani zake. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na neno linaporefushwa mkazo nao husogea, kwa hiyo nyumba hukazwa katika nyu na nyumbani hukazwa katika mba. Yapo maneno machache yanayotoka nje ya kanuni, na mfano unaotajwa zaidi ni barabara, ambayo humaanisha njia kuu ikikazwa silabi ya tatu, na humaanisha sawasawa ikikazwa silabi ya pili. Hata hivyo mifano ya aina hiyo ni haba, na kazi kuu ya mkazo wa Kiswahili ni kuweka mpaka: sikio linapopokea silabi iliyokazwa hutambua kwamba imebaki silabi moja tu neno likamilike. Mswahili basi hutumia mkazo kila siku, lakini huutumia kujua neno linakoma wapi, wala hahitaji kuuhifadhi akilini pamoja na kila neno, kwa kuwa kanuni inamtosha.

Katika Kihispania kanuni ya namna hiyo haitoshi. Mkazo unaweza kuangukia silabi ya mwisho, ya pili kutoka mwisho au ya tatu kutoka mwisho, na yapo makundi ya maneno yenye konsonanti na irabu zilezile ambayo hutofautiana kwa mkazo peke yake. Término, ikikazwa silabi ya kwanza, ni kikomo au istilahi. Termino, ikikazwa ya pili, ni ninamaliza. Na terminó, ikikazwa ya mwisho, ni alimaliza. Vivyo hivyo número ni nambari, numero ni ninatia nambari, na numeró ni alitia nambari, huku sábana ikiwa shuka na sabana ikiwa mbuga ya nyasi. Athari ya mabadiliko hayo imeenea katika sarufi nzima, kwa sababu katika vitenzi vingi mkazo ndio unaomtenga mtendaji wa sasa na mtendaji wa jana: hablo ni ninasema, habló ni alisema. Tahajia ya Kihispania inamhurumia msomaji, kwani neno linaloishia kwa irabu, kwa n au kwa s huchukuliwa kuwa limekazwa silabi ya pili kutoka mwisho, linaloishia kwa konsonanti nyingine huchukuliwa kuwa limekazwa ya mwisho, na kila neno linalokiuka utaratibu huo huwekewa alama juu ya irabu inayokazwa. Msikilizaji hapewi alama hiyo, hivyo hana budi kuipata ndani ya sauti yenyewe.

Hapo linazuka swali lililowashughulisha wataalamu wa fonetiki, yaani elimu ya sauti za lugha, kwa karne nzima: msikilizaji wa Kihispania husikia nini anaposikia mkazo? Mambo matatu hushirikiana. La kwanza ni kidatu, yaani kiwango cha kupanda au kushuka kwa sauti kinachotokana na kasi ya mtetemo wa nyuzi za koo; la pili ni wakaa, yaani muda ambao silabi hudumu; la tatu ni nguvu ya sauti. Tomás Navarro Tomás, ambaye kitabu chake cha matamshi ya Kihispania kilichapishwa mwaka 1918 na kutegemewa na vizazi kadhaa vya walimu, aliipa nguvu nafasi ya kwanza. Mwaka 1961 Dwight Bolinger na Marion Hodapp walitoa hoja kwamba kidatu ndicho kinachoongoza sikio, na Antonio Quilis akauimarisha mtazamo huo kwa vipimo vyake vya mwaka 1971. Baadaye, mwaka 2003, Joaquim Llisterri na wenzake wa Barcelona walibadilisha sifa hizo moja moja na kwa pamoja katika maneno yaliyosikilizishwa watu, wakaonesha kwamba kuhamisha kidatu peke yake hakutoshi kuuhamisha mkazo masikioni mwa msikilizaji, bali kidatu hufanya kazi kikiungwa mkono na wakaa au nguvu.

Sababu ya kidatu kutotosha inaeleweka mtu anapotazama mwenendo wake katika sentensi. Katika sentensi ya kawaida ya taarifa, sauti ya msemaji wa Kihispania huanza kupanda ndani ya silabi iliyokazwa, lakini mara nyingi kilele chake hufikiwa katika silabi inayofuata, kiasi kwamba msikilizaji ambaye angesaka sehemu ya juu kuliko zote angeitaja silabi jirani kimakosa. Katika swali la kujibiwa ndiyo au siyo, silabi ya mwisho iliyokazwa aghalabu hushuka chini, kisha sauti hupanda baada yake. Katika maneno ya kupachika, kama yale yanayomtaja msemaji baada ya kunukuu kauli yake, kidatu hulala karibu tambarare, na uchunguzi wa Marta Ortega-Llebaria na Pilar Prieto umeonesha kwamba hata hapo silabi yenye mkazo huendelea kujitenga, hasa kwa wakaa wake. Wasomaji wa habari na wahutubu wa Kihispania nao wana desturi ya kuinua silabi ya mwanzo ya neno refu ili kulitilia uzito, juu ya mkazo wake wa kawaida, na wasikilizaji wao hawapotei. Sikio la mzawa, kwa hiyo, halifuati dalili moja. Hupima dalili zote kwa pamoja likizingatia aina ya sentensi na mahali pa neno ndani yake.

Dalili moja ambayo mzawa wa Kihispania haitegemei sana ni ubora wa irabu, yaani sura ya sauti inayoitenga a na e au o na u. Hapa Kihispania na Kiingereza hutengana kabisa. Neno banana huandikwa sawa katika lugha zote mbili, lakini Mwingereza hutamka a ya katikati peke yake kwa ukamilifu, na zile mbili za pembeni huzififisha hadi zikawa sauti hafifu isiyokuwa a wala e, ilhali Mhispania huzitamka a zote tatu waziwazi. Matokeo yake ni kwamba sikio la Mwingereza limejifunza kuutambua mkazo kwa kuuliza irabu ipi imefifia na ipi imebaki kamili, na linapofika kwenye Kihispania ambako hakuna iliyofifia, hukosa tegemeo lake kuu. Mhispania kwa upande wake hana njia hiyo ya mkato, hivyo amelazimika kuusikia mkazo wenyewe na kuuhifadhi kama sehemu ya neno.

Kwamba Mhispania anauhifadhi mkazo kama sehemu ya neno kulithibitishwa mwaka 2001 na Salvador Soto-Faraco, Núria Sebastián-Gallés na Anne Cutler. Wasikilizaji walisikilizishwa kipande cha mwanzo cha neno, kama princi, ambacho kikikazwa silabi ya kwanza huelekea príncipe, mwana wa mfalme, na kikikazwa ya pili huelekea principio, mwanzo. Kisha waliona neno zima limeandikwa na kutakiwa kuamua haraka kama ni neno la Kihispania. Mkazo wa kipande ulipopingana na wa neno lililoonekana, uamuzi wao ulichelewa, na uchelewaji huo ulifanana na ule uliotokea kipande kilipokuwa na irabu au konsonanti isiyofaa. Kwa lugha nyingine, mkazo uliokosewa humtatiza Mhispania kwa kiasi kilekile anachotatizwa na herufi iliyokosewa. Mgeni anayesema terminó akikusudia termino hajakosea pambo la lugha, amesema neno jingine, na Mhispania anayekunja uso kwa kutoelewa hamdharau mgeni huyo. Akili yake imekwishafungua mlango wa neno tofauti.

Upande wa pili wa habari hii uliangaziwa Paris. Kifaransa hakitumii mkazo kutofautisha maneno, kwani uzito wa sauti huangukia mwisho wa neno au kirai kwa utaratibu unaotabirika. Mwaka 1997 Emmanuel Dupoux na wenzake waliwapa Wafaransa na Wahispania maneno ya kubuni yasiyo na maana, kama vásuma na vasúma, yakitamkwa na watu tofauti, wakawataka waseme neno la tatu linafanana na lipi kati ya mawili yaliyotangulia. Wahispania waliifanya kazi hiyo kwa urahisi, na Wafaransa wakakosea na kuchelewa zaidi. Hata hivyo Wafaransa haohao, walipotakiwa tu kusema kama sauti mbili zilizofuatana, za msemaji yuleyule, ni sawa au si sawa, hawakuwa na taabu kubwa. Tofauti ya matokeo hayo mawili ni fundisho lenye uzito: mawimbi ya sauti yalifika masikioni mwao salama, na kilichokosekana ni mahali pa kuuweka mkazo katika kumbukumbu. Watafiti waliuita upungufu huo uziwi wa mkazo, wakiuweka msamiati huo katika alama za kunukuu kwa sababu masikio yenyewe ni mazima.

Njia ya kupima iliyobuniwa mwaka 2001 iliuweka wazi zaidi upungufu huo, kwa kumtaka msikilizaji akumbuke mfululizo wa maneno mawili ya kubuni yanayorudiwarudiwa kwa mpangilio mbalimbali, huku neno la ziada likitiwa mwishoni ili kufuta mwangwi uliosalia kichwani. Mwaka 2008 kipimo hicho kilitumiwa kwa Wafaransa waliojifunza Kihispania ukubwani, wakiwemo waliokimudu vizuri, na ikaonekana kwamba walifanana na Wafaransa wasiojua Kihispania kabisa. Hata walipopewa gorro, kofia, na gorró, neno ambalo halipo, walipata tabu kulikataa la pili. Mwaka 2010 Sharon Peperkamp na wenzake walilinganisha lugha kadhaa, na wasemaji wa Kifaransa, Kifini na Kihungaria, ambao mkazo wao hautofautishi maneno na hutabirika daima, walionesha upungufu mkubwa, Wahispania hawakuuonesha, na wasemaji wa Kipolandi wakawa katikati.

Matokeo ya Kipolandi yanastahili kuangaliwa kwa makini na kila anayefundisha Kihispania Afrika Mashariki, kwa sababu mkazo wa Kipolandi, sawa na wa Kiswahili, hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na huwa na maneno machache ya kigeni yanayoikwepa kanuni. Kwa mantiki hiyo, Mswahili anayejifunza Kihispania anaweza kutarajiwa kusimama karibu na Mpolandi: anausikia mkazo, lakini hana mazoea ya kuuhifadhi pamoja na neno, na akilini mwake huurudisha mahali alikouzoea. Ushahidi wa kila siku hupatikana katika matangazo ya kandanda, ambako Málaga na Córdoba, miji inayokazwa silabi ya kwanza, hutamkwa kama imekazwa ya pili, na Panamá na Bogotá, majina yanayokazwa ya mwisho, nayo huvutwa kwenye silabi ya kati. Mtangazaji anayefanya hivyo anatii sarufi ya lugha yake kwa uaminifu. Malezi hayo huanza mapema mno, kwa maana utafiti wa Katrin Skoruppa na wenzake uliochapishwa mwaka 2009 ulionesha kwamba watoto wa Kihispania wa miezi 9 waliweza kutenga maneno yaliyokazwa mwanzo na yaliyokazwa mwisho hata maneno yenyewe yalipobadilishwa, ilhali watoto wa Kifaransa wa umri huo waliweza tu neno liliporudiwa lilelile.

Yaliyosemwa kuhusu mkazo yana mfano wake upande wa irabu, na hapo mambo hugeuka, kwa sababu Mhispania ndiye anayekosa kusikia. Mwanaisimu Nikolai Trubetzkoy, katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1939, aliufananisha mfumo wa sauti wa lugha na chekeche ambalo kila kinachosemwa hupitishwa humo, na chekeche la Kihispania lina matundu matano ya irabu. Kikatalani, ambacho huzungumzwa pamoja na Kihispania mjini Barcelona, kina e mbili, moja ya kinywa kilichofumba kiasi na nyingine ya kinywa kilichofunguka zaidi, nazo hutofautisha maneno. Mwaka 1997 Christophe Pallier, Laura Bosch na Núria Sebastián-Gallés waliwapima wakazi wa Barcelona waliokulia katika nyumba za Kihispania na kuanza Kikatalani utotoni, ambao walikitumia kila siku kwa ufasaha, wakakuta kwamba wengi wao hawakuzitenga e hizo mbili kama wanavyozitenga waliokulia katika Kikatalani. Watu hao wameishi na sauti hizo tangu udogoni, wamesoma kwazo na wamefanya kazi kwazo, na bado e zote mbili huanguka katika tundu moja. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwa aliyeanza lugha ya pili akiwa mtoto, si haki kumlaumu mwanafunzi mtu mzima kwa uvivu.

Si kwamba irabu za Kihispania chenyewe zimesimama tuli kila mahali. Katika mashariki ya Andalusia, hasa Granada na majirani zake, s ya mwisho wa neno imepotea katika mazungumzo ya kawaida, na kwa kuwa s hiyo ndiyo alama ya wingi, nyumba moja na nyumba nyingi zingepaswa kusikika sawa. Wenyeji hawachanganyikiwi, kwa sababu irabu iliyobaki mwishoni hufunguliwa zaidi katika wingi, na mara nyingi irabu zilizoitangulia nazo hufunguka kuifuata, jambo ambalo Navarro Tomás aliliandikia makala mwaka 1939. Mgeni kutoka Madrid anaweza kusikia maneno mawili sawa pale ambapo Mgranada anasikia umoja na wingi. Katika nyanda za juu za Meksiko mwelekeo ni mwingine, kwani irabu zisizokazwa, hasa zikiwa karibu na s, hunong'onezwa hadi kukaribia kutoweka, kama Peter Boyd-Bowman alivyoeleza mwaka 1952. Lakini msikilizaji wa Meksiko huzirejesha akilini bila kujua kwamba amezirejesha, kwa kuwa konsonanti zilizobaki na mkazo uliosimama imara vinamwonesha neno ni lipi.

Mahali ambapo suala la kusikia irabu limeumiza watu ni katika milima ya Andes. Kikechua kina irabu tatu, a, i na u, na zile i na u hutamkwa kwa kinywa kilichofunguka zaidi, zikakaribia e na o, zinapokuwa jirani na q, konsonanti inayotamkwa nyuma kabisa penye kidakatonge. Kinywa cha Mkechua, kwa hiyo, hutoa sauti zinazofanana na e na o kila siku, ila sikio lake halikufundishwa kuzihesabu kama irabu zinazojitegemea. Anapozungumza Kihispania kama lugha ya pili, e na i hukaribiana, o na u hukaribiana, na nchini Peru matamshi hayo yamepewa jina la motoseo na kufanywa sababu ya kejeli shuleni, kazini na hata katika siasa, pamoja na kwamba Kikechua kilitambuliwa kuwa lugha rasmi ya nchi hiyo mwaka 1975. Rodolfo Cerrón-Palomino, mwanaisimu wa Peru, ni miongoni mwa walioandika kwamba jambo hilo ni la mpangilio wa lugha mbili zilizokutana wala halihusiani na akili ya msemaji. Inafaa kuongeza kwamba anayemcheka naye husikiliza kwa chekeche lake, kwani sauti iliyo katikati ya e na i huisikia kila mara kuwa ile isiyotakiwa, kwa sababu ameshaamua msemaji ni nani kabla ya kusikia alichosema.

Afrika nayo ina sehemu yake katika habari hii. Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka Hispania mwaka 1968, hutumia Kihispania kama lugha rasmi, na wengi wa raia wake wana lugha ya kwanza ya Kibantu, kama Kifang au Kibubi, ambamo toni, yaani kidatu kinachobadili maana ya neno, ina kazi kubwa. Katika lugha nyingi za toni za Afrika, neno la kigeni linapopokelewa, silabi iliyokazwa hupewa toni ya juu, ishara kwamba sikio la toni huutafsiri mkazo kwa mizani yake. Ng'ambo ya Atlantiki, katika kijiji cha San Basilio de Palenque nchini Kolombia, kilichoanzishwa na Waafrika waliojikomboa kutoka utumwani, huzungumzwa lugha ambayo msamiati wake mwingi umetoka katika Kihispania na ambayo ina athari za Kikongo; José Ignacio Hualde na Armin Schwegler walionesha mwaka 2008 kwamba silabi zilizokazwa za lugha hiyo huwa na kidatu cha juu kwa utaratibu usiokuwa wa kawaida katika Kihispania. Kiswahili kimeachana na toni, lakini wasemaji wake wengi wana lugha nyingine za nyumbani zenye toni, kama Kikikuyu au Kihaya, na masikio yao yamezoea kukipa kidatu maana. Mwalimu wa Kihispania anayelijua hilo ana mtaji mkononi, kwa kuwa anaweza kumwelekeza mwanafunzi atumie usikivu alio nao tayari.

Panapokutana irabu na mkazo ndipo Mswahili anapohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu usawa wa irabu tano humfanya adhani kwamba kuhesabu silabi nako ni sawa. Katika Kiswahili kila irabu huunda silabi yake, ilhali Kihispania huunganisha irabu mbili katika silabi moja pale i au u isiyokazwa inapopakana na irabu nyingine. Antonio kwa Mhispania ni silabi tatu, mkazo ukiwa katika to, na Mswahili huifanya nne na kuukaza ni. Valencia nayo ni silabi tatu, ikikazwa le pamoja na n inayoifunga. Mkazo ukiangukia i yenyewe, muungano huvunjika na neno hubadilika: hacia, kuelekea, ina silabi mbili, na hacía, alikuwa akifanya, ina tatu. Continuo ni chenye kuendelea, continúo ni ninaendelea, na continuó ni aliendelea; mkazo unapohama, idadi ya silabi nayo hubadilika, na asiyesikia badiliko la kwanza hawezi kulisikia la pili.

Yote haya yanaelekeza kwenye wajibu ulio wazi. Popote Kihispania kinapofundishwa kwa Waswahili, muda ambao walimu wa nchi nyingine hutumia kurekebisha irabu unaweza kuhamishiwa kwenye mkazo tangu masomo ya awali, na kila neno jipya lisikilizwe kabla ya kusomwa na lihifadhiwe pamoja na mkazo wake, kama mwanafunzi wa Kiswahili anavyohifadhi jina pamoja na ngeli yake. Mazoezi yatumie sauti za watu wengi tofauti, wanaume kwa wanawake, wa Madrid kwa wa Lima, na yamtake mwanafunzi akumbuke na kuchagua, kwa sababu majaribio ya Paris yameonesha kwamba kuweza kusema sauti mbili si sawa ni hatua ndogo, na kuubeba mkazo katika kumbukumbu ndiko kujifunza kwenyewe. Vyombo vya utangazaji navyo vina nafasi, kwa kuwa mtangazaji akitamka Málaga na Bogotá kwa mkazo wa wenyewe huyafunza masikio maelfu kwa mara moja, bila gharama. Na darasani, njiani au bungeni, mtu anayekosea irabu au mkazo wa lugha aliyoikuta ukubwani apewe subira anayostahili, kwani kosa lake linaonesha lugha iliyomlea, na lugha iliyomlea ndiyo iliyompa uwezo wa kusikia maana katika sauti.